Ngoma ya Silabi Yenye Mkazo

Jumatatu, 22 Julai
Oruro. Baridi ya kupasua midomo. Mkuu wa shule ametangaza kwamba vipindi vya Kiingereza vitabaki kwa mwalimu mmoja. Ijumaa mkaguzi atasikiliza wanafunzi wakikata maneno ambatani silabi kwa silabi na kuonyesha mkazo. Mwalimu atakayeshindwa atafundisha michezo, saa moja asubuhi, uwanjani. Nina miaka hamsini na mbili na kifua kibovu. Mshindani wangu ni Nilda Choquecallata, anayechora vidoti ubaoni: kikubwa kwenye mkazo, vidogo kwingine. Vidoti! Elimu imekufa, na wauaji wameshika chaki.

Jumanne, 23 Julai
Neno la alizeti. Wanafunzi wangu wanasema sun-FLOW-er, mkazo katikati, Kihispania kitupu. Nimewaambia mara arobaini: sehemu ya kwanza ndiyo hubeba mzigo. SUN-flow-er. Wananitazama kama llama, wale ngamia wadogo wa milimani. Nilda alipita dirishani akanishauri ninunue soksi nzito, uwanjani kuna upepo.

Jumatano, 24 Julai
Nimepata dawa. Don Eleuterio, bawabu, hupiga ngoma kubwa ya gwaride la sikukuu ya taifa. Ijumaa ataipiga kila penye mkazo. Akasita, akasema: ngoma ile ina kazi yake, mwalimu, usiichezee. Nikamjibu kwamba hakuna mapinduzi yaliyosubiri ruhusa ya bawabu. Akasema haya, lakini lawama utabeba mwenyewe.

Alhamisi, 25 Julai
Mazoezi darasani, kwa kugonga dawati. Hakuna aliyekosea. Nimeanza kumhurumia Nilda, kidogo.

Ijumaa, 26 Julai
Shule nzima uani, kwa mistari. Nikatoa neno la bibi: GRAND-moth-er. Eleuterio akapiga. Wanafunzi mia tatu, wanaofundishwa gwaride tangu Juni, kwamba pigo la kwanza la ngoma ni mguu wa kushoto, wakanyanyua mguu wa kushoto. Eleuterio naye, kwa mazoea, akaendelea. Wakatoka getini, wamenyooka kama rula, wakashuka hadi sokoni, ngoma nyuma yao. Nikabaki na mkaguzi. Aliniuliza kwa upole kama somo limekwisha.
Waliporudi, darasa la Nilda lilipata maneno sita kati ya manane. Kwa vidoti.

Jumatatu, 29 Julai
Saa moja asubuhi. Uwanjani. Nilda kaniletea soksi za sufu ya alpaka, akaniambia zivae, mwalimu, usije ukatufia. Nimezivaa kwa chuki.
Nimelitafakari jambo lote bila upendeleo. Mbinu haikuwa na kosa. Ngoma moja ndiyo haikutosha. Nimemwomba Eleuterio matoazi.