Maombi ya Kurudishiwa Mtandao wa Polepole

Ushirombo, Bukombe

Kwa Meneja,
Radi Intaneti,
Tawi la Geita.

Ndugu Meneja,

YAH: MTANDAO WENU UNA KASI KUPITA KIASI

Kuna jambo nimelificha kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyekula kiapo. Mtaa wetu mzima unaamini kwamba mtandao wa nyumbani kwangu ni mbovu. Si mbovu. Ni mzima, una nguvu za fahali, na ndiyo sababu nakuandikia.

Mimi naitwa Agapiti, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Nimesikiliza kesi za mipaka ya mashamba, za ng'ombe waliokula pamba ya watu, na za wachimbaji wawili wanaodai shimo moja, wala sikuwahi kukutana na mshtakiwa mwenye kiburi kama kampuni yenu. Moyo wangu umechoka. Daktari alimnong'oneza mwanangu Gregory kwenye korido kwamba mzee asipange mambo ya msimu ujao wa kupanda; alisahau kwamba masikio ndiyo kiungo changu pekee ambacho hakijastaafu. Kwa hiyo sina nafasi ya kuzungushwa na yule dada wa kwenye simu yenu, anayenishukuru kwa uvumilivu nisiokuwa nao. Nayataja malalamiko yangu kwa namba, usije ukajibu moja ukadhani umeyamaliza.

1. Jina lenu. Mtu aliyekulia kanda hii hawezi kuibatiza kampuni yake Radi. Huku radi ikipiga zizi, ukoo hukaa kikao kuuliza ni nani aliyeituma. Nyinyi mmeituma mchana kweupe, kwa gari lenye vipaza sauti, na mmebandika picha yake kwenye ukuta wangu. Tena kifurushi alichoninunulia Gregory, anayefanya biashara ya dhahabu Katoro, mmekiita "Dhahabu Isiyo na Kikomo". Mngemuuliza mchimbaji yeyote, hata aliyeingia shimoni jana, angewaambia kama dhahabu haina kikomo.

2. Mtandao wenu hauna adabu. Ule wangu wa kwanza ulipita kwenye waya wa simu ya mezani niliyofungiwa nikiwa bado kazini. Ukitaka kuunganishwa ulilia: kwanza mluzi, kisha mkwaruzo, kisha kitu kama fisi aliyemeza filimbi. Jirani wa nyumba ya tatu alijua hakimu anaingia mtandaoni. Mgeni mstaarabu hupiga hodi. Wenu haupigi, ukigeuka umeshaingia, umekaa, umeanza kula. Fundi wenu Clemens, kijana mpole asiye na shaka yoyote kichwani, alipomaliza kuufunga alifurahi peke yake. "Mzee, huu unaruka!" Nikamuuliza unaruka kwenda wapi. Aliniangalia kwa huruma, akakusanya vifaa vyake.

3. Mmeharibu salamu za dada yangu. Justa anaishi Didia, na katika enzi ya waya wa simu, akipiga, mtandao ulikatika palepale. Salamu za Justa ni za Kisukuma kamili. Huanza na watoto, hupita kwa ndama, huzunguka kwa majirani waliofiwa, ndipo hufika kwenye mvua. Akikata simu, ukurasa tuliokuwa tukiusubiri umeshakufa, inabidi tuanze upya. Sikuwahi kumlaumu. Siku hizi anapiga na mtandao haujali, na mimi namsikiliza nusunusu nikitazama picha za watu wanaoosha magari. Juzi ameniambia, "Wewe siku hizi unaitikia kama mtu anayehesabu." Ameumia, na ana haki.

Nimeandika "tuliokuwa tukiusubiri" kwa sababu sikuwa nikisubiri peke yangu. Hapo ndipo kesi yenyewe inapoanzia.

4. Picha. Jirani yangu Epifania, ambaye sote tunamwita Mama Wema, ni mjane na ni kiongozi wa jumuiya yetu ndogondogo ya Kikristo. Mimi pia nilishamzika mke wangu. Binti yake, Wema, alikwenda Ulaya kuuguza wazee wa huko, na barua pepe zake zikawa zinapitia kwenye mashine yangu, kwa kuwa hakukuwa na nyingine mtaani.

Sasa elewa desturi, Meneja, kwani inaonekana hamkuipima mlipokuwa mkipima nguzo zenu. Mjane mwenye heshima hawezi kwenda kukaa barazani kwa mwanamume asiye na mke. Lazima awe na jambo la kutamka mlangoni, kwa sauti ya kumfikia hata katekista akiwa anapita. "Nimekuja kuangalia kama barua ya Wema imefika" ni jambo la kutamka. Akishalitamka anakaa, kwa sababu barua haijafunguka. Jambo likiisha anaaga, kwa sababu halina sehemu ya pili. Muda wa kukaa, basi, ulipangwa na waya wa simu, na ule waya ulikuwa mkarimu.

Picha ya kwanza ya mtoto wa Wema ilifunguka kuanzia juu. Zikaja nywele. Mama Wema akasema hizo ni za kwao, nywele za Kisumbwa. Likaja paji la uso. Akasema ni la marehemu mume wake. Nikamwambia, kama hakimu, ushahidi hautoshi mpaka nyusi zionekane. Akanirushia ganda la karanga. Nyusi zilipoonekana, michembe, viazi vyetu vya kukaushwa, ilikuwa imeiva jikoni. Tulipofika puani Justa akapiga simu kutoka Didia, tukarudi kwenye nywele. Mtoto yule alimaliza kuzaliwa jioni, mbele ya macho yetu, na tulipokiona kidevu tulikuwa tumeshamjua kama tuliyemlea.

Mtoto wa pili mmemleta nyinyi. Alitokea mzima mzima, na viatu. Mama Wema akasema, "Aa, mzuri," akamshukuru Mungu, akakaza kanga yake, akaaga. Karanga zilibaki kwenye ungo na maganda yake. Paji la uso la mtoto yule ni la nani? Hakuna aliyeuliza. Nilimsindikiza mpaka kwenye uzio, kwa sababu hiyo ndiyo desturi, na nikarudi kuikaa ile jioni peke yangu.

Huo ndio mnauita ubora wa huduma.

5. Mmenifanya mwongo. Wiki iliyofuata mtandao wangu "uliharibika". Boksi lenu lipo chini ya meza, nyuma ya kitambaa cha kufuma, na kutoka kwake unatoka waya wa manjano unaokwenda kwenye kompyuta. Nikimsikia Mama Wema akibisha, nilikuwa nauchomoa kwa dole gumba la mguu. Kisha tunaketi mbele ya mashine kwa huzuni.

"Leo tena, Baba Gregory?"

"Leo tena, Mama Wema. Watu wa Radi hawa."

"Hawana haya."

"Hawana."

Na hapo anashusha ungo wake. Nimewafunga watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Ikifika jioni nauchomeka waya, barua inafunguka, Wema mzima, na kila mtu anaenda kwake akiwalaani nyinyi. Naomba ieleweke kwamba laana hizo mlizistahili kwa sababu nyingine.

Naongeza, ili iingie kwenye kumbukumbu, kwamba hata waya zenyewe ni hafifu. Tangu nianze kutembelea fimbo mguu wangu haufiki vizuri chini ya meza, na bado mara nyingi nakuta waya umeshachomoka wenyewe kabla sijaugusa. Gregory anasema ni panya. Mimi nasema ni bidhaa duni, nanyi mjibu.

6. Na sasa mnataka kunimalizia. Gregory, kwa moyo mwema unaochosha, amenilipia mtambo mpya usio na waya. Clemens anakuja wiki ijayo kuufunga juu kabisa ukutani, mahali ambapo mzee wa fimbo hafiki. Hautachomoka. Hautalala. Barua za Wema zitafunguka Mama Wema akiwa bado anavua viatu mlangoni, naye atavivaa tena.

Mtanijibu kwamba kasi inaokoa muda. Muda wa nani, na umewekwa wapi? Mwenye miaka mingi mbele yake mharakisheni, ataifidia baadaye. Mtu aliyeambiwa asipange msimu wa kupanda ndiye mnayepaswa kumwuzia mtandao wa polepole kuliko wote mlio nao ghalani. Dawa ya mgonjwa mahututi haitolewi kwa kumkimbiza.

Kwa hiyo naomba kampuni yako iniondolee Dhahabu Isiyo na Kikomo na kunirudishia mtandao wenye mluzi, mkwaruzo na fisi. Ukatike kila Justa anapopiga. Picha zifunguke kuanzia nywele. Na Clemens apewe kazi nyingine siku hiyo. Mkishindwa, nitawafungulia shauri la kuwanyang'anya wazee wawili jioni zao, na nitalisimamia mwenyewe hata nikiwa nimelala machela. Sijawahi kushindwa kesi niliyoiandika kwa mkono wangu.

Wasalimie wafanyakazi wa tawi lako, na yule dada wa kwenye simu, mwambie uvumilivu wangu ulikwisha akiwa bado anaushukuru. Msalimie Clemens, mama yake amelea vizuri. Mungu awape mvua ya kutosha, na radi kiasi.

Ni mimi mlalamikaji,
Agapiti, hakimu mstaafu

Nyongeza: Nilitaka kuwatumia barua hii kwa mtandao wenu wenyewe, mshtakiwe kwa silaha yenu. Haikwenda. Waya ulikuwa umechomoka tena, na mimi siku hizi nikiinama siinuki. Mama Wema alikuwa ameketi pembeni na karanga zake. Nikaikodolea macho mashine.

Akaweka ungo chini. Akafunua kitambaa, akaushika waya wa manjano pasipo kuutafuta, akauchomeka.

"Ulikuwa unauchomoa kwa mguu wa kushoto," alisema akiwa bado chini ya meza. "Ulipoanza fimbo nikaona utaanguka bure, nikawa nauchomoa mimi nikipita kuweka ungo."

Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa simu ya kupapasa, kubwa kuliko ya Gregory. Wema alikuwa amempigia asubuhi, kwa simu ya video, huku akisuka nywele. Humpigia hivyo kila siku, tangu zamani.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, nayafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la sita, isipokuwa jina. Clemens aje afunge mtambo wake hata juu ya mti. Mtandao wenu hauna kosa, na ule wa zamani haukuwa na fadhila. Siku zote hizi niliuachia waya kazi yangu. Sikuwahi kumwomba Mama Wema akae.