Yah: Gofu Kukosa Heshima Nyuma ya Nyumba Yangu

Tingi, Kilwa.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji,
Ndugu Abdulrahmani,

Asalaam aleikum. Kwa umri, wewe ndiye unayeniamkia shikamoo tukikutana njiani, nami huitikia marahaba bila kusimamisha baiskeli. Leo nimeteremka. Nakuandikia kama raia mnyonge, mstaafu, mwenye uwanja wa gofu usioheshimiwa na mtu wala mnyama.

Kama ujuavyo, nilikuwa dereva wa bosi mmoja Dar es Salaam mpaka nilipostaafu. Kila Jumamosi nilimpeleka kwenye gofu, nikakaa kivulini kumtazama. Nilijifunza mengi: namna ya kukunja uso kabla ya kupiga, na namna ya kuulaumu upepo baada ya kupiga. Kupiga kwenyewe sikuwahi. Siku ya kuniaga alinipa fimbo yake moja ya zamani na mipira ndani ya soksi, akasema, "Romani, nikija Kilwa tutacheza kwako." Mwingine angecheka na kusahau. Mimi nilikwenda kutafuta nyasi.

Nyasi zenyewe ni bandia, za plastiki, mabaki ya ukumbi fulani wa huko mjini. Zilifika juu ya basi zimeviringishwa kama mkeka wa jitu. Niling'oa tuta la mchicha la mke wangu Marietha, nikabomoa kichanja chake cha kuanikia muhogo, nikamwaga mchanga, nikashindilia, nikatandaza, nikachimba shimo dogo na kusimika kibendera. Marietha alisimama mlangoni ameshika ungo.

"Baba Joyce, mboga tutakula hizo nyasi?"

"Mama Joyce," nikamjibu, "gofu ni mchezo wa heshima."

"Basi heshima hiyo kaitie chunguni mwenyewe."

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Mbuzi wa jirani yangu, Bi Kibibi, aliingia uwanjani siku ile ile ya kwanza. Nilikimbia na fimbo kwenda kuokoa nyasi. Hazikuhitaji kuokolewa. Mbuzi alinusa, akaonja jani moja, akalitema, akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, akatoka. Ndugu Mwenyekiti, angekula ningemshtaki. Kwa kutokula, nimshtaki kwa lipi? Sasa kijiji kizima kinasema hata mbuzi amekataa.

2. Nakiri kwamba sikupima usawa wa ardhi. Uwanja unainamia chooni. Mpira wowote, hata ukiupiga kuelekea kanisani, unakwenda kidogo, unatafakari, unageuka, kisha unagonga mlango wa choo. Aliyemo ndani hujibu, "Kuna mtu!" Bi Kibibi aliyaona hayo kupitia ua wa makuti akaniambia, "Shemeji, hamishia shimo hapo mlangoni, utakuwa bingwa wa Kilwa nzima." Naomba aandikiwe onyo. Ushauri wake ulikuwa mzuri, lakini sikuuomba.

3. Marietha alianza kuanika makopa ya muhogo juu ya nyasi zangu, akisema ndiyo faida ya kwanza aliyoiona, kwamba hazina mchanga. Makopa ni meupe, mipira ni myeupe, na macho yangu ni ya mstaafu. Nililenga, nikapiga kopa. Lilikwenda moja kwa moja bila kugeukia chooni, na ndilo pigo langu bora hadi leo. Yeye naye alitia mpira kwenye kinu. Mchi ulidunda ukamponyoka mikononi. Alibeba kinu, mchi na ungo, akazunguka ua, akahamia kwa Bi Kibibi.

4. Hapa ndipo penye uzito. Tangu hapo mke wangu anatwanga kule, anapika kule, anapiga soga kule. Jioni anarudi kulala, ananiwekea sahani iliyofunikwa kawa na kusema, "Karibu chakula, bwana mchezaji." Mchana kutwa nawasikia ng'ambo ya ua wakicheka. Zamani kicheko hicho kilikuwa uani kwangu, nami nilikuwa nakigombeza kwamba kinanizuia kusikiliza redio. Sasa redio naisikia vizuri sana, mpaka matangazo ya vifo ya watu nisiowajua.

5. Nilimpigia bosi kumjulisha kwamba uwanja uko tayari. Alifurahi mno kusikia sauti yangu, akauliza, "Romani yupi?" Hili kijiji hakihusiki nalo, ila nataka liandikwe mahali.

Kwa hiyo naomba serikali ya kijiji itunge sheria ndogo kama ifuatavyo. Kicheko kisivuke ua. Mbuzi wote waelimishwe kwamba kutema nyasi za mtu mbele yake ni dharau. Ardhi ya kijiji iinuliwe kidogo, upande wa choo changu tu. Na Marietha arudishwe kwa barua yenye mhuri, pamoja na kinu chake. Ili barua hiyo iwe na nguvu, niko tayari kuteuliwa Mratibu wa Gofu wa Kijiji, nikae nawe meza kuu, na kwenye mikutano yote nitajwe kabla ya Mtendaji.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote, mgambo, watu wa nyumbani kwako, na wote wanaoniulizia, hata wanaoniulizia huku wamejiziba midomo.

Wako katika ujenzi wa taifa na wa viwanja,
Romani Sipriani,
Mstaafu, na mchezaji pekee wa gofu Tingi

N.B. Nilikuwa sijaifunga barua hii alipokuja Bi Kibibi mwenyewe. Binti yake, Naima, anaolewa Ijumaa, na hawana cha kutandika jukwaani kwa bibi harusi. Nilikusudia kumsomea malalamiko yote, moja hadi tano. Badala yake nikajikuta nimeinama naviringisha nyasi, Marietha ameshika ncha ya pili, tunabishana nani anavuta upande. (Ni yeye.) Ua wa makuti tumeung'oa wote ili wageni wapite, na pale palipokuwa uwanja wangu yamekaa masufuria ya pilau; mchanga ule nilioushindilia unashika mafiga barabara. Baada ya harusi nyasi zimeombwa kwa maulidi, kisha kuna watoto wa kipaimara. Marietha amekwisha kuwakubalia bila kuniuliza, na sasa yuko hapo hapo uani kwetu na kinu chake, ananipigia kelele nilete kuni.

Basi tafadhali usipige mhuri popote, wala wajumbe usiwasomee. Mimi nimepewa kazi ya kusimama mlangoni kupokea wageni. Karibu sana Ijumaa, uje na familia. Ila ukifika jukwaani uvue viatu. Nyasi zile hazioti tena.