Mtu Mwenye Shingo

Jumatatu, 7 Septemba 1998. Malolo.

Leo nimechora mtu. Mtu kamili! Kichwa, mikono, miguu, vidole hadi nafasi ilipokwisha. Nimemchora ukutani nyuma ya jiko langu, kwa mkaa na udongo mwekundu. Nikamwita mjukuu wangu Zena aje aone. Akatazama. Akauliza kama huo ni muhogo uliochipua.

Mtoto hana adabu. Nyumba zote za upande huu nimezipaka mimi. Mvua za elinino zilipofuta kuta, nani aliwarudishia watu twiga wao? Mimi. Shule sikukanyaga. Herufi hizi nilizipata kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema nina kichwa kigumu lakini mkono mzuri. Mkono ndio unaochora!

Zena ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Nesi Catherine kasema nyonga zake nyembamba, akajifungulie zahanati. Hataki. Anasema atazalia kwangu, mikononi mwangu, kama yeye mwenyewe alivyozaliwa. Mikono yangu siku hizi inamwaga chai. Hilo sikumwambia.

Nikambembeleza tena. Akacheka, akasema siku Bibi atakapochora mtu mwenye shingo, atakwenda zahanati kwa miguu yake. Nikamwambia aape. Akaapa.

Sasa nitamwonyesha shingo.

Jumanne, 8 Septemba

Nimekwenda kwa Nesi. Ukuta wa zahanati unaotazama barabara ni mtupu, na yeye anataka mama na mtoto pale. Nikamwambia mchoraji kafika. Akasema kafika mapema zaidi mwingine.

Kipriani! Fundi wa vibao kutoka Nachingwea, yule anayepaka duka jipya hapa kwetu. Mngoni, mtani wangu mimi Mmwera. Shati limepigwa pasi, rula mfukoni. Akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa, kwamba mwili wa mtu ni vichwa saba na nusu kwenda chini. Nikamuuliza hiyo nusu mtu anaificha wapi. Akasema ndivyo inavyofundishwa.

Nesi kaamua: Ijumaa kila mmoja alete mtu wake. Atakayefanana na binadamu ndiye atakayepewa ukuta.

Nyumbani nikatafuta kibuyu kinacholingana na kichwa cha mume wangu Lukumani, nikampima toka juu hadi chini. Vichwa sita. Nikarudia. Sita! Miaka arobaini na moja naishi na mtu pungufu, na hakuna aliyeniambia.

Zena ametoka vinane. Huyo ni sawa, kimoja kiko tumboni.

Jumatano, 9 Septemba

Nimemsimamisha Lukumani uani nimchore. Nimechora jicho, kaenda kufukuza mbuzi. Nimechora sikio, kaenda kutawadha. Aliporudi alisimama upande mwingine. Sasa nina mtu mwenye masikio mawili upande mmoja.

Zena akapita na ndoo. Akauliza shingo iko wapi. Nikasema inakuja.

Lakini nimepata akili! Mtu akisimama anatoroka. Akilala hatoroki. Kesho namlaza juu ya shuka, nazungusha mkaa mwilini mwake kote, anainuka, mtu wangu anabaki pale pale. Kipimo cha Mungu mwenyewe. Kipriani na rula yake wataniona.

Alhamisi, 10 Septemba

Siku gani hii!

Asubuhi nimetandika shuka nyeupe uani. Lukumani kalala chali, mikono ubavuni. Miguu ikawa inaachana, nikafunga vidole gumba viwili pamoja kwa kamba. Nzi wakamsumbua, nikamfunika uso kwa khanga. Katulia vizuri kabisa. Nikazungusha mkaa kuanzia kisigino, ukaniishia begani. Nikamwambia asitikisike, nikaenda kuomba mkaa nyumba ya nne. Tukaongea kidogo. Labda si kidogo.

Narudi, nasikia vilio. Vinatoka uani kwangu! Wanawake wamejaa, vichwa vimefungwa, Domitila jirani yangu anagaagaa chini akimlilia baba wa watu, mtu mpole, hakuugua hata siku moja. Wengine wameshaleta unga. Wanaume wanaulizana nani ana jembe.

Mimi nikaangua kilio. Kweli kabisa nililia! Nilidhani kafa nilipokuwa natafuta mkaa. Nikamrukia, nikamwambia Lukumani wangu usiniache, vichwa sita vinanitosha.

Akaondoa khanga usoni. Alikuwa amelala usingizi, na masikio yake yana uzito. Akatazama watu wote wale, akauliza kwa huruma nani amefariki.

Domitila alivuka ua wa mabanzi bila kuugusa. Mwanamke wa umri wangu!

Kisha akaja mtani. Kipriani kasikia msiba wa Mmwera, kaacha rangi yake dukani, kaja na baiskeli kufanya vituko vya utani. Kukuta marehemu anakunywa uji hakukumzuia. Alijitupa juu ya shuka, akajinyoosha kama maiti, akatangaza kwamba shimo lazima lipate mtu, basi yeye ndiye, na hainuki mpaka apewe kuku.

Nikamtazama. Kijana. Mrefu. Na shingo! Shingo kama mchi! Ya Lukumani sijawahi kuiona, ndevu zinashukia kifuani moja kwa moja.

Kuku sikumpa. Nilipiga magoti, nikamzungushia mkaa toka utosini hadi nyayo, watu wanapiga makofi wakidhani ni utani wangu kwake. Na yeye alicheka. Cheka, Mngoni.

Unga wa msiba nimewarudishia wenyewe. Ule wa Domitila nimeusonga ugali, kanitia hofu.

Ijumaa, 11 Septemba

Kipriani kaleta karatasi. Mama mweupe, viatu vya kisigino kirefu, mtoto kambeba kama kifurushi cha posta. Mimi nikakunjua shuka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kupima watoto wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba huyu ni mtu. Mtu hasa! Nesi kazunguka shuka mara mbili, kanipa ukuta.

Kipriani kaitazama shuka muda mrefu. Kasema kuna kitu anakifahamu pale, ila hajui ni nini.

Jumapili, 13 Septemba

Nimemaliza! Jana nilitoboa shuka kwa mwiba kufuata mstari, nikaibandika ukutani, nikapigapiga vumbi la mkaa, mtu akatokea. Nikamvika khanga, nikampa matiti, nikampa mtoto. Uso nimeuweka wa Zena.

Leo watu wakaja kutazama, Wakristo wakitoka kanisani, sisi wengine tukitoka popote. Kisha Domitila akasema, kwa sauti ya kusikika hadi Ruangwa mjini, kwamba matege yale anayajua, jana yalipita kwa baiskeli.

Kila mtu akamgeukia Kipriani. Kipriani akatazama miguu yake. Akatazama ukuta. Alikuwa pale juu, mabega mapana, mguu wa kushoto umekwenda zake, amejifunga khanga ya maua na ananyonyesha.

Alidai afutwe. Nikamwambia anipe kuku.

Zena hakucheka. Alikwenda karibu, akaweka kidole chini ya kidevu cha yule mama, akakishusha taratibu mpaka begani. Akaniambia ipo. Kisha akanishika mkono, ule unaotetemeka, akaushikilia hadi ulipotulia. Kumbe alikuwa ameshaona! Akaingia kwa Nesi kuandikishwa, kwa miguu yake.

Sikulia. Lilikuwa vumbi la mkaa.

Jumatano, 16 Septemba

Mtoto wa kike! Mapema kidogo, lakini ana sauti. Zena alipata shida, Nesi ana mikono ya chuma, wote wazima. Nimempima kitukuu changu kwa kiganja: vichwa vinne tu. Nesi anasema wachanga wote wako hivyo. Huyo naye amesomeshwa na Kipriani.

Shingo anayo. Nimeikagua mwenyewe.

Nesi ananiomba nirekebishe yale matege. Sirekebishi. Ukuta umeinama. Badala yake nimemwambia pembeni panahitaji bibi wa mtoto, mnene, amekaa vizuri. Lukumani kaapa halali tena mchana maisha yake yote. Simhitaji. Domitila hulala mkekani kila siku baada ya kula, usingizi mzito, hata kuku wakimpanda hajui.

Shuka nimeshaifua. Kamba ya vidole ninayo.