Viti vya Watoto wa Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kazi. Tangu nimalize shule sijapewa kazi yoyote, isipokuwa kuosha vyombo na kuulizwa sasa unafanya nini. Leo nimepewa ya maana. Kuchagua gari.

Bi Mkubwa, mwenye karakana ya ushonaji anayofanyia kazi Mama, amealikwa kwenye maonyesho ya mavazi nchi jirani. Basi litawafikisha mpakani. Kutoka hapo safari ni ndefu, na magari ya huku hayaruhusiwi kuvuka, kwa hiyo lazima wakodi la kule. Dereva ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi. Pasi yenyewe haijawaka tena. Jina limebaki.

Wasafiri: Bi Mkubwa, Mama, Injinia, na watoto wawili wa Bi Mkubwa, ambao siwajui, maana wanashinda tawi la pili, upande mwingine wa mji, na mimi miaka yote nilikuwa bweni. Jumla watano. Bi Mkubwa alisema nafasi ikibaki na mimi niende, nikashike pini. Alisema hivyo akiwa na pini mdomoni, lakini nilisikia vizuri.

Sijawahi kuvuka mpaka wowote. Mpango wangu ni rahisi: nafasi itabaki.

Jumanne, 4 Machi

Nafasi haikubaki.

Injinia amekuja na gari lake tayari kichwani. Pikapu ya milango minne. Viti vitano, masanduku ya nguo nyuma. Aliizungusha picha kwenye simu, mtu mmoja baada ya mwingine, kama anatangaza uchumba. Aliponifikia mimi akasema, “Wewe mdogo wangu utatulindia nyumba.” Sikusema kitu. Huwa sisemi kitu. Watu hudhani nakubali.

Wakati wa chakula nilimuuliza Mama, hivi hivi tu, kitambaa cha lesi kikipigwa na vumbi siku nzima kinakuwaje. Mama aliweka kijiko chini. Alasiri Bi Mkubwa akampigia Injinia simu. Alitaka kujua kama nguo zake anazichukulia kuwa viazi.

Pikapu imekufa.

Baadaye: Injinia amekuja na turubai. Pikapu imefufuka.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata gari la viti saba. Injinia akasema masanduku yatakula viti viwili vya nyuma, kwa hiyo ni vitano vilevile. Alinihesabia kwa vidole, karibu kabisa na pua yangu.

Jibu ni keria. Masanduku juu, yamefungwa turubai lake mwenyewe Injinia, watu chini. Ila ilibidi kwanza nijue kama gari lina keria, na ofisi ya magari haijibu ujumbe ulioandikwa mpaka uwe umepiga simu mara ya kwanza. Mimi na simu hatuelewani. Niliandika nitakayosema kwenye karatasi, nikaingia katikati ya magauni yaliyotundikwa karakana, mahali ambapo sauti haitoki. Karani alipokea kabla sijajiandaa.

“Karibu, mama,” alisema.

Sikumsahihisha. Ingehitaji sentensi nyingine.

Keria ipo. Kisha akauliza kama kuna watoto. Nikasema wawili. Akauliza umri. Sheria ya kwao ni kali: kila mtoto na kiti cha saizi yake, la sivyo gari halitoki. Nikasema nitamjulisha. Akauliza taratibu, “Watoto wako, mama, hujui umri wao?”

Nilikata simu. Gauni moja lilianguka. Nimeambiwa nilipige pasi. Pasi ni ile ya Injinia.

Alhamisi, 6 Machi

Kumuuliza Bi Mkubwa umri wa watoto wake hakuwezekani. Ukimuuliza swali anakurudishia swali, na la mwisho alilonirudishia lilinitoa jasho siku tatu. Njia bora ni kuchunguza. Nimeshinda karibu naye nikikunja mapindo, masikio wazi.

Nimeokota haya. Mdogo anaota jino. Jana kutwa alikuwa analia tu, shavu limevimba, hakushikika. Mkubwa hashibi. Ukimpakia garini analala papo hapo, mdomo wazi, na ole wake atakayekaa naye. “Watoto wangu hawa,” alimwambia Mama, “nisipowaangalia hata vifungo vya shati wanafunga vibaya.” Mama akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mwenzangu, una kazi.

Basi. Mtoto anayeota jino hajatimiza mwaka, nilisoma sayansi. Anayekosea vifungo ana miaka sita hivi. Niliagiza kiti kimoja cha mtoto mchanga na kimoja cha mtoto wa miaka sita. Karani alijibu akanipongeza kwa kichanga. Nikajibu ahsante.

Sikuuliza mtu hata mmoja. Kila kitu kimetoka kwenye akili yangu.

Jioni Mama alirudi amechoka, akasema kichwa kinagonga tangu asubuhi. Nikamletea kidonge na maji. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ni cherehani: ile sehemu ya juu ya chuma, yenye sindano, mafundi huiita kichwa. Alikinywa kidonge hata hivyo. Alisema atakihitaji akikaa na mimi zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi. Bi Mkubwa alituita wote wawili, mimi na Injinia, kila mtu na gari lake. Injinia alizungumza kuhusu nguvu, mwinuko na matairi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea. Bi Mkubwa aliniuliza jambo moja tu, kama watoto wake watapata pa kukaa vizuri kwenye hilo gari langu.

“Wamefikiriwa,” nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Bi Mkubwa alinitazama upya, kama mtu aliyekuta mfuko kwenye gauni la zamani. Akasema huyu binti ana akili, hata kina mama wazima hawafikirii watoto wa wenzao hivi. Injinia akasema basi ataendesha kasha la mayai.

Ninaenda. Hati ya kusafiria ninayo. Nilikata mwezi uliopita, kwa matumaini tu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa nchi ya kigeni. Nimekaa kwenye kiti cha mtoto. Nitaeleza.

Asubuhi, kituo cha mabasi. Bi Mkubwa akaita, “Watoto wangu, pandisheni mizigo.” Wakatokea wanaume wawili. Mmoja ana ndevu na mabega ya mlango. Mwingine amefungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini kwa sababu ya jino lake la mwisho, lile linaloota ukubwani. Ni mafundi wa tawi la pili. Wamefunzwa kazi na Bi Mkubwa, na anawaita watoto wake, kama kila mtu pale karakana anavyojua.

Ndevu alinipa mkono, akanisalimu vizuri. Nilifikiria kusema kitu wakati huo. Nilifikiria tena basi lilipoondoka. Niliendelea kufikiria hadi mpakani.

Gari lilikuwa zuri, hilo lisisahaulike. Limeoshwa, na keria juu. Ndani, safu ya kati, viti viwili vya watoto vimekazwa kwa nati. Kioo cha pembeni kilikuwa na pazia la mabata. Kioo cha nyuma kilikuwa na kibandiko: MTOTO YUMO.

Karani alitoka na kichezeo cha kutikisa, zawadi ya ofisi kwa kichanga. Akauliza mama wa watoto ni yupi. Sisi sote tukamtazama Bi Mkubwa. Karani akasoma jina kwenye karatasi yake. Lilikuwa langu.

Mama alinigeukia polepole sana.

“Wa lini hao?” aliuliza.

Nikaeleza. Ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, na ilikuwa na maneno kumi na matano hivi. Wa jino alicheka, akashika shavu, akalia kweli. Ndevu aliuliza kwa heshima kiti chake ni kipi kati ya hivyo viwili.

Injinia hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Viti saba, toa viwili. Fundi mwenye spana ya kufungua nati hizo alikuwa ametoka na gari jingine, kurudi kesho, na maonyesho yanafunguliwa kesho. Vimebaki vitano, akasema. Tuko sita. Basi la kurudi nyumbani linaondoka jioni, akaongeza, na akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

Nikachukua begi langu. Niliona ni haki.

Bi Mkubwa akasema weka begi chini. Akavuta futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, akanizungushia nyongani, hapo hapo, mbele ya karani, askari wawili na watu waliokuwa kwenye foleni. Kisha akainama garini akapima kiti cha mtoto wa miaka sita.

“Anaingia,” akasema. “Na nafasi ya kupumua inabaki.”

Karani alikuna kichwa, akasema sheria inakataza mtoto kukaa kiti cha mkubwa. Kinyume chake haijasema chochote.

Hivyo ndivyo tulivyokaa. Watoto wa Bi Mkubwa nyuma kabisa, magoti yakigusa masikio. Mama kwenye kiti cha kawaida, mimi kiti cha miaka sita. Kwenye kiti cha kichanga tukafunga mkanda sanamu la kuvalishia nguo, lile lisilo na kichwa, kwa sababu halikukaa juu ya keria. Bi Mkubwa mbele. Kabla Bi Mkubwa hajapanda, Injinia aliingia kwa mbwembwe, akafunga mlango, akakuta hakuna usukani. Kwao upo upande wa pili. Alifungua kidroo cha mbele, akakikagua kwa muda, kama ndicho alichofuata, kisha akazunguka.

Jumatano, 12 Machi

Njiani, kwenye kizuizi, askari alisoma kibandiko, akachungulia. Alinitazama mimi. Akalitazama sanamu kwa muda mrefu zaidi. Akamwambia Injinia aendeshe polepole, amebeba familia. Injinia aliendesha polepole hadi tulipofika.

Kiti si kibaya. Kina pa kuwekea kikombe. Jua lilipozidi, nilishusha pazia la mabata.

Maonyesho yamefunguliwa. Nimeshika pini. Mwanamke mmoja mgeni aliniuliza sasa ninafanya nini, nikamwambia niko kazini. Ilinitoka bila kuandika kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Nguo zote zimepata wateja. Bi Mkubwa ana furaha, na katika furaha hiyo amenipa tena kazi ya gari, la kurudia. Mama alipinga. Injinia alipinga zaidi. Bi Mkubwa akasema aliyekosea jana ndiye mwangalifu leo.

Maelekezo yake yalikuwa mafupi, maana alikuwa anakimbilia sokoni. Alisema tutarudi na vichwa viwili zaidi, kwa hiyo nitafute gari la kuvitosha.

Kwa kitambo nilikumbuka ile habari ya Mama na kidonge. Lakini nilichunguza, kama kawaida yangu. Asubuhi nilimsikia Bi Mkubwa akimsimulia Ndevu kwamba vichwa hivyo ni vya kazi ngumu, vinapiga mpaka turubai, ukivianzisha havinyamazi, na vya namna hiyo kwetu huwezi kuvipata. Huko ni kuzungumzia watu. Mafundi wawili wageni, hodari, wenye maneno mengi. Angetaka kusema cherehani, angesema cherehani.

Nilifikiria kumuuliza. Sikuona haja ya kumsumbua.

Nimechagua gari la viti tisa, vyote vya watu wazima, viti vya nyuma vikubwa vya kuegemea ili wageni wasichoke. Keria nimeifuta. Nguo zimekwisha, mzigo hatuna.

Karani amejibu haraka. Ameuliza wasafiri hao wawili walioongezeka kama ni watoto. Nimemjibu hapana, ni watu wazima, nimehakikisha mwenyewe.

Kosa moja silirudii.