Vidonge vya Mtu Asiyekoroma

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimedhalilishwa na karatasi.

Baada ya chakula cha mchana niliweka kichwa mezani kwa dakika moja tu, nitafakari nukta-mkato. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na nukta-mkato inataka utulivu. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa tisa na nusu. Nikaendelea na kazi kama kawaida. Ajabu ni kwamba kila niliyepishana naye kwenye korido aliniangalia kwa huruma. Fundi wa mashine ya kukata karatasi akanipa pole. Karani wa mapokezi akauliza mazishi ni lini. Nikadhani wana habari ambayo mimi sijaletewa. Nikaanza kuwapitia ndugu zangu mmoja mmoja moyoni.

Kioo cha chooni ndicho kilichonieleza. Nililalia prufu mbichi, ile nakala ya kusahihishia, ya tangazo la msiba, wino haujakauka. Pale kwenye paji la uso, kwa herufi kubwa: MAREHEMU.

Bwana Kalamu, msahihishaji mwenzangu, anakaa meza iliyo pembeni ya yangu. Tunamwita hivyo kwa sababu anatembea na kalamu nne mfukoni. Anasema alijaribu kuniamsha mara tatu. Uongo. Mtu akiamshwa mara tatu huamka.

Na yote haya wiki mbaya kabisa. Meneja amesema Ijumaa ijayo atateua msimamizi wa chumba chetu. Chumba kina watu wawili. Mimi nina miaka kumi na sita hapa, Kalamu ana saba. Hesabu haihitaji mtaalamu.

Tatizo ni huu uchovu. Naingia kitandani saa tatu, natoka saa kumi na mbili. Saa tisa nzima za usingizi, na bado naamka kama gunia lililoburutwa. Mtu akilala saa tisa na akachoka, kinachokosekana si usingizi. Ni vitamini.

Mke wangu anasema kinachokosekana ni daktari. Ati nakoroma, halafu nanyamaza kabisa, halafu nashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Nimelala kwenye kitanda hicho miaka kumi na tisa. Sijasikia mkoromo hata siku moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda duka la dawa. Muuza dawa, binti mdogo mwenye maswali ya mzee, aliuliza daktari wangu amesemaje. Nikamwambia amekubali. Akauliza amekubali nini. Akanipa chupa moja, akasisitiza kidonge kimoja kwa siku, na kwamba ni vizuri nipime damu kwanza. Duka gani hilo linalomzuia mteja kununua?

Nikaenda la pili. Halafu la tatu. Sasa nina vitamini B za aina mbili, C ya kuyeyusha majini, madini ya chuma, mafuta ya samaki, na chupa moja kubwa yenye picha ya farasi anayekimbia. Hiyo ya farasi ndiyo ninayoiamini zaidi.

Lebo yake imeandikwa "Meza kibonge kimoja." Kibonge! Nimesahihisha kwa wino mwekundu. Mtu asiyejua kuandika kidonge atajuaje nimeze vingapi? Nimemeza vitatu.

Nimezificha zote ndani ya viatu vyangu vya mvua. Mke wangu havigusi, anasema vinanuka.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimepata hofu kubwa. Mkojo wangu umekuwa wa manjano iliyokolea, sawasawa na wino wetu wa manjano ukiwa kwenye kopo. Nilikaa ukingoni mwa bafu nikiwaza nani atarithi kamusi zangu.

Kisha nikasoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Kumbe mwili ukizidiwa vitamini hutupa ziada. Hofu ikaisha, hasira ikaanza. Mimi nameza kwa uaminifu, mwili unamwaga. Hata ndani ya ngozi yangu nina wapinzani.

Lakini nimeuzidi akili. Mwili unatupa kwa sababu unapokea vingi kwa pamoja. Sasa nitameza kidogo kidogo, kila saa moja, bila wenyewe kugundua. Nimetega kengele ya simu. Kufikia saa sita mchana ilikuwa imelia mara nne, na mara mbili kati ya hizo ndiyo iliyoniamsha. Kalamu akauliza kwa adabu kama nimeanza kazi ya ulinzi. Nyani haoni kundule.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya dhuluma.

Meneja ametuita sote wawili ofisini. Mezani pana kadi ya harusi tuliyochapa, nakala mia tatu, zimeshasambazwa kwa wageni. Familia inayo furaha kukualika katika sherehe ya ndoo ya binti yao. Ndoo. Mama wa bibi harusi amekuja mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha wageni akauliza kama ni ndoo ya bati au ya plastiki, ili wajue wavae nini.

Meneja akauliza ni nani aliyepitisha prufu ile. Mimi nilikuwa mtulivu kabisa. Ila nusu saa kabla nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya farasi. Ghafla uso ukawaka kama nimebanwa na pasi. Masikio yakawasha, shingo ikawasha, jasho likashuka mpaka kwenye kola. Nikaanza kujikuna kwa mikono miwili.

Meneja akanitazama. Akasema, "Nashukuru angalau unaona aibu."

Nikamwambia si aibu, ni vitamini. Mama wa bibi harusi akaguna.

Nikasema waziwazi kwamba mimi siwezi kupitisha ndoo, na kama kuna mtu chumbani anayebeba kalamu nne asizozitumia, aulizwe yeye. Meneja akatoa prufu yenyewe kwenye faili. Sahihi ni yangu. Inaanza vizuri, herufi tatu za mwanzo zimesimama imara, halafu mstari unateremka, unateremka, unavuka ukingo wa karatasi. Meneja anasema mwisho wake uko kwenye meza yangu, ameshauona.

Nakubali mkono ni wangu. Lakini mtu hawajibiki kwa kazi aliyoifanya akiwa amelala.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja kula nasi. Nilikuwa sijaenda haja kubwa tangu Alhamisi, tumbo limekaza kama ngoma, kwa hiyo nilikula kidogo na kwa heshima. Mama mkwe akafurahi, akasema mkwe wake amejifunza kiasi.

Baada ya kula, mke wangu akaenda chumbani akarudi na viatu vya mvua. Akavigeuza juu ya kitambaa cha meza. Zikamwagika chupa zote, ya farasi ikabingirika mpaka kwenye sahani ya mama yake. Nikasema ni za Kalamu.

Hapo akachukua simu yake na kusema anataka mama yake asikie kitu. Ikasikika sauti kama mtu anayesukuma kabati kwenye sakafu ya saruji. Mama mkwe akauliza kwa upole ni nani alikuwa akihama. Kisha kimya. Kimya kirefu. Kwenye ile rekodi ikasikika sauti ya mke wangu akihesabu polepole, moja, mbili, tatu. Alifika ishirini na saba. Halafu mtu akavuta pumzi kwa kishindo, na kabati likaanza kusukumwa tena.

Nilisema ni pampu ya maji ya jirani.

Mke wangu hakubishana. Alikaa, akaweka mikono mapajani. "Baba watoto, mimi silali. Nakaa nakuhesabia. Ikipita ishirini nakusukuma. Siku nikisinzia mimi, nani atakusukuma?"

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejua la kujibu. Mama mkwe alikuwa akiitazama ile chupa ya farasi bila kuiona. Nilisikia kitu kifuani, kama uzito hivi. Nimelifikiria jambo hilo jioni yote.

Kurekodi mtu bila ridhaa yake si ungwana.

Jumatatu, 10 Machi

Kalamu amenifuata wakati wa chai. Amefunga mlango. Nikajua ni vita.

Akasema, "Kaka, usinielewe vibaya. Tangu mwaka jana nazipitia karatasi zako kabla hazijakwenda mashineni. Naona unachoka. Ile ya ndoo ilipita kwa sababu siku ile nilikuwa nyumbani na homa."

Akaongeza kwamba kaka yake alikuwa na tatizo kama langu, alikuwa akisinzia hata akiwa amesimama, akaenda kupimwa usingizi na sasa ni mtu mwingine. Akaniandikia jina la kliniki kwa mojawapo ya zile kalamu nne. Kumbe anazitumia.

Nimekaa na habari hii mchana kutwa. Mwaka mzima mtu anayashika makosa yangu nyuma ya mgongo wangu! Ndiyo maana nilikuwa najiona sina makosa. Amenipotosha. Na kuhusu ndoo, ukweli sasa umejitokeza: kama angekuja kazini siku ile, jambo lisingetokea. Kosa ni lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kliniki. Si kwa sababu ya Kalamu. Ni kwa sababu ya tumbo, ambalo limeingia siku ya sita ya mgomo. Mke wangu alinisindikiza akibeba chupa zote kwenye mfuko, na mfuko ukawa unachakacha njia nzima kama njuga.

Daktari ni mama mtu mzima, mpole, mwenye mikono mikubwa. Akazipanga chupa mezani. Akasema tatu kati ya hizo zina kitu kilekile kwa majina tofauti. Madini ya chuma ndiyo yaliyonifunga tumbo. Ile ya farasi ndiyo iliyokuwa ikiniunguza uso. Akatoa damu, tukasubiri. Majibu: sina upungufu wowote. Nina kila kitu, na vingine vimezidi.

Nilisema basi hiyo ni dalili kwamba dawa zimefanya kazi. Akasema vipi uchovu. Nikasema upo palepale. Akaniachia nifikirie. Sikuona cha kufikiria.

Ndipo akamgeukia mke wangu, kana kwamba mgonjwa ni yeye, akamuuliza nalalaje. Mke wangu akaeleza yote, na ishirini na saba ikatajwa. Daktari akaangalia shingo yangu, akanipima kiuno mbele ya watu. Akasema nikilala njia ya hewa inajifunga, na kila inapojifunga ubongo unaniamsha kidogo ili nipumue, hata mara mia, nami sikumbuki hata moja. Kwa hiyo zile saa tisa si za usingizi, ni za kupigania pumzi. Akasema jambo hili likiachwa linachosha moyo, na moyo haupewi likizo. Niache vidonge vyote, nipunguze mwili, nilale kwa ubavu. Jumanne ijayo niende hospitali kubwa nikalale na nyaya kichwani, wanipime.

Nimeingia na tumbo, nimetoka na shingo. Hivi ndivyo wanavyofanya. Mke wangu alinishika mkono mpaka nyumbani, jambo ambalo hajafanya kwa miaka. Nilimwacha, kwa kuwa ana wasiwasi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya uteuzi. Nimevaa suti. Wafanyakazi wote walikusanyika kwenye chumba cha kukunjia vitabu, ambako kuna joto na mashine inavuma kwa sauti moja, mmm, mmm. Sitaki kumlaumu mtu, lakini aliyechagua chumba kile ndiye alaumiwe.

Meneja alianza na historia ya kiwanda. Alipofika mwaka wa pili wa kuanzishwa, nilifumba macho ili nisikilize vizuri.

Kilichofuata ni makofi. Makofi mengi, ya furaha. Watu wote wamegeuka upande wetu. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nilikuwa na maneno tayari. Nikawashukuru kwa imani yao. Nikasema miaka kumi na sita si haba. Nikasema sina kinyongo na mtu, na kwamba Bwana Kalamu ataendelea na meza yake chini yangu, hata baada ya lile suala la ndoo, maana kiongozi mzuri husamehe.

Hakuna aliyepiga makofi. Mashine tu, mmm, mmm. Fundi wa mashine ya kukata karatasi alitazama dari.

Kumbe Kalamu ndiye aliyeteuliwa. Na zaidi ya hapo, nimeambiwa na karani wa mapokezi, neno lake la kwanza kama msimamizi lilikuwa kuomba nipewe wiki mbili za mapumziko nikatibiwe, na nafasi yangu ilindwe. Makofi yalikuwa ya hilo.

Kalamu alikuja kunishika bega. Akasema hotuba yangu ilikuwa nzuri, haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Hilo sikuweza kulipinga.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepumzika na kuyapanga mambo kichwani. Jumanne ni mtihani, na mtihani mimi sijawahi kuufeli. Wanataka kunikamata nikikoroma. Asiyelala hawezi kukoroma. Basi nitalala pale na nyaya zao, macho makavu mpaka asubuhi, wasipate hata mkoromo mmoja wa kuandika. Halafu tutaona daktari na mke wangu wataficha wapi nyuso zao.

Nilikwenda sebuleni kumweleza mke wangu kwamba niko tayari kabisa kwa hospitali. Nilimkuta anapiga pasi shati langu la Jumanne. Au tuseme alikuwa amesimama mbele ya shati. Macho yamefumbwa, kidevu kifuani, pasi imeshikwa hewani. Nimemwita mara mbili ndipo akashtuka, akasema samahani, siku hizi anachoka hata hajui kwa nini ameingia chumbani.

Mchana mweupe, amesimama wima. Nimemwangalia vizuri: macho yameingia ndani. Nilimchukulia pasi, nikamkalisha kwenye kochi, na kabla sijazungusha waya alikuwa amelala fofofo.

Nikavaa viatu nikaenda duka la dawa la nne. Nimemnunulia chupa mbili kubwa, nimemwekea pale pembeni ya mto. Wiki mbili nzima ninapiga kelele humu ndani kwamba chanzo cha uchovu ni vitamini, na hakuna anayenisikiliza.