Uji Wangu Uliofunguliwa Faili

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wafanyakazi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Haya ni siri yako na yangu. Nakuomba uichapishe barua hii, ila uiweke kwenye ukurasa wa zabuni, ambao hausomwi na mtu. Mimi ni karani mdogo wa masjala, nimebakiza wiki tatu nithibitishwe kazini, na sina ubavu wa kugombana na yeyote aliyenizidi cheo, yaani jengo zima.

Lalamiko langu linahusu uji wa oti. Mshahara wa majaribio haufiki kwenye sahani ya mchana. Kwa hiyo hununua oti zilizovunjikavunjika, zile za chini ya gunia, nikaziloweka kwa maji na chumvi ndani ya chupa ya jamu, kisha nikaianika chupa juani hadi saa saba. Gesi haiguswi. Kwa bahati mbaya, jua la ofisini kwetu hupiga mahali pamoja tu: kwenye trei ya barua zinazoingia.

Yaliyonifika ni haya:

1. Jumatatu, karani mkuu, tunayemwita Mzee Muhuri kwa kuwa hugonga muhuri chochote kilichomo kwenye trei bila kuinua macho gazetini, aligonga IMEPOKELEWA juu ya kifuniko cha chupa yangu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba kile ni chakula changu. Akaitikia marahaba, akasema, "Kimeshapokelewa, mwanangu. Sasa ni cha ofisi." Akakifungulia faili.

2. Faili lilipanda ghorofa ya pili, chupa ikiwa imefungwa juu yake kwa utepe. Mhasibu aliandika: "Kifungu gani?" Mwanasheria aliandika: "Je, upande wa pili umejulishwa?" Upande wa pili ni mimi, na sikujulishwa. Mkurugenzi aliandika: "Nimeona. Tuzungumze." Hakusema na nani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

3. Siku ya nne uji ulichacha, kifuniko kikaruka katikati ya kikao. Niliagizwa kuandika taarifa ya kurasa tatu kuhusu "maendeleo ya suala".

4. Iliundwa kamati. Ilionja kijiko kimojakimoja, ikalalamika kwamba hauna sukari, na kasoro hiyo imeandikwa dhidi ya masjala.

5. Juzi mjomba wa dereva alikuja kumuulizia mpwa wake, akaegemeza kiganja kwenye trei. Kikagongwa. Hadi leo yuko kwenye benchi akisubiri namba ya faili, na hathubutu kunawa.

Naomba basi, kupitia jarida lako, nirudishiwe uji wangu uliobaki. Kama taratibu haziruhusu, naomba nami nigongwe muhuri kwenye paji la uso, ili niwe mali ya ofisi na ofisi inilishe.

Nakomea hapa kwa heshima na tumbo tupu. Wasalimie wapiga chapa wote, mkeo, na yule fundi wa mashine anayekohoa.

Ni mimi mnyenyekevu,
Karani (jina nimelifuta mara mbili)

N.B. Yale ya tumbo tupu yalikuwa kweli hadi Jumatano. Tangu hapo mama wa chai, baada ya kusikia masaibu yangu, huniwekea mkate na mayai mawili kila mchana. "Kula, baba," huniambia, "mpaka hao watu wakurudishie uji wako." Suruali imeanza kunibana. Kwa hiyo nakuomba kwa dhati faili lisifungwe mwaka huu, na kama una njia ya kuongeza kamati ya pili, iongezwe.

Ukinihitaji, usipige simu. Njoo dirisha la kwanza saa saba kasorobo, uulizie fomu za likizo. Nikijibu kwamba zimekwisha, ndimi huyo, uliza tena. Ukijibiwa kwamba zipo, huyo ni mwenzangu: chukua fomu, ijaze, uende likizo.