Muhuri Wangu Juu ya Barua za Bi. Keziah

Jumatatu, 3 Machi 1958

Siku njema. Namshukuru Mungu kwa afya, kwa pareto iliyokauka vizuri, na kwa Memsahib Ashdown, mwenye shamba hili, aliyenitoa shambani miaka kumi na moja iliyopita akanikalisha mbele ya taipureta. Bila yeye hadi leo ningekuwa nachuma maua mgongo umepinda.

Leo ameniita ofisini akafungua sanduku la bati lenye kutu. Limejaa barua! Mia moja na kitu. Ameniambia ziliandikwa Marekani yapata miaka tisini iliyopita na mshairi mmoja mwanamke, Bi. Keziah Lorne, mwalimu wa shule ndogo huko kwenye theluji. Alikuwa akimwandikia rafiki yake, yaani nyanya wa Memsahib. Mashairi mengine yamo humo humo, kwa mkono wake mwenyewe. Alipokuwa hai wahakiki wa magazeti walimchana bila huruma. Mmoja alisema mashairi yake yanachechemea. Mwingine alimshauri arudi kufuma soksi. Alipokufa wakageuka wote, na sasa vyuo vizima vinamsoma. Nimemhurumia sana mama huyu.

Sasa habari yenyewe. Jumatano ya wiki ijayo anakuja Profesa Whitlow, kutoka Marekani, kuzisoma barua hizo kwa macho yake. Na mimi, Micah Kiprugut, chuo cha huko huko kimeniandikia kwamba nafasi yangu ipo, mradi kabla ya mwisho wa Aprili nipeleke barua ya msomi anayeijua kazi yangu. Nimehangaika miezi miwili. Msomi pekee ninayemjua ni daktari wa ng'ombe. Leo Mungu ananiletea profesa mzima mpaka mlangoni, kwa treni.

Kikwazo ni kimoja: Mwalimu Peterson wa shule ya shamba la jirani. Naye anatafuta barua kama hiyo, kwa chuo hicho hicho. Memsahib anasema Profesa huwa hamwandikii zaidi ya mtu mmoja kwa mwaka. Nimemwambia mke wangu Chemutai kwamba mtu huyo ni mimi. Amesema sawa, lakini kwanza nitengeneze mlango wa banda la kuku.

Jumanne, 4 Machi

Memsahib amekwenda Naivasha kwa dada yake hadi Jumatatu. Agizo aliloniachia: barua zipangwe vizuri, Profesa asipate taabu.

Zimefika kwenye mikono salama. Nimefungua rejista mpya. Kwenye kozi ya makarani tulifundishwa kwamba barua haijawa barua mpaka iingie kwenye rejista. Kwa hiyo nimeingiza. Namba, tarehe ya posta, bahasha ya rangi gani, kurasa ngapi, zimekunjwa vipi, zimebanwa kwa nini. Nyingi zilibanwa kwa pini zilizoshika kutu. Nimeandika hata kutu. Nimefika bahasha ya sitini na moja, shingo imekauka, lakini nina furaha.

Bi. Keziah alikuwa mtu mzuri. Alimuuliza rafiki yake habari za meno ya mtoto barua tisa mfululizo. Ila mambo ya ofisi hakuyajua. Barua haina kichwa cha habari. Mahali pa tarehe ameandika kwamba ni Jumapili na kuna upepo. Upepo wa mwaka gani?

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imekwisha. Nimejishangaa mwenyewe.

Nimeng'oa pini zote, maana pini inaharibu ile mashine ya kutobolea. Nimetupa pini. Nimetenga barua upande huu na mashairi upande ule, kisha nikayapanga kwa ukubwa wa karatasi. Nikatoboa kila moja matundu mawili. Nikagonga muhuri wa ofisi, wino wa zambarau, kila karatasi: IMEPOKELEWA, 6 MACHI 1958. Zimeingia kwenye faili tatu nyekundu na zinafunguka kama kitabu. Bahasha nimezifunga kwa kamba, nikaziweka kabatini.

Halafu nikamfanyia Bi. Keziah hisani. Nimempigia taipu nakala safi za barua ishirini, kwa Kiingereza cha ofisi. Kila moja inaanza kwa "Nina heshima kukuarifu." Kila moja ina kichwa, kwa mfano KUH: THELUJI NA KIFO CHA PAKA. Wale wahakiki wangezipata barua hizi katika hali hii wasingethubutu kumwambia mambo ya soksi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekutana na Peterson dukani Njoro, amenunua kola mpya. Ameniuliza kwa upole Profesa anafika lini, maana angependa kumpokea na kumsomea mashairi mawili matatu. Sauti anayo, sikatai. Watoto wake wa shule wanasoma Kiingereza kama redio.

Nikamwambia Alhamisi. Ilinitoka tu. Profesa anafika Jumatano, na mpaka Peterson akanyage stesheni nitakuwa nimemaliza mazungumzo na barua iko mfukoni. Amenishukuru, akaninunulia chai na mandazi mawili. Nimekula kwa moyo mzito kidogo. Mandazi yalikuwa mazuri.

Jumatatu, 10 Machi

Memsahib amerudi. Ameuliza kama barua ziko tayari. Nimemwambia ziko tayari kabisa, na faili nimezifungia kabatini ili iwe furaha ya siku yenyewe. Amesema ananiamini. Nimetoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka machozi yakaisha. Ni watu wangapi katika nchi hii wanaoambiwa maneno hayo na mwajiri wao?

Jumatano, 12 Machi

Stesheni ya Nakuru tangu asubuhi. Suti, viatu vimeng'aa, kibao chenye jina la Profesa. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na vumbi la magadi lote lilikuja kukaa machoni mwangu. Treni imefika. Wameshuka askari wawili, mama mwenye kuku, na padri. Profesa hayupo. Nimemwendea padri mara mbili kuhakikisha.

Nimengoja mpaka magharibi. Karani wa stesheni ameniambia imepigwa simu kutoka Nairobi: Mmarekani mmoja ameachwa na treni, atakuja na nyingine. Ipi? Hakujua. Macho yamefura kama mandazi. Nashukuru kwamba angalau yapo mawili.

Alhamisi, 13 Machi

Sikuweza kufungua macho. Chemutai amenikanda kwa maji ya chumvi, akasema leo siendi popote.

Saa tisa nikasikia gari. Nikafungua jicho moja. Profesa anashuka, mzee mrefu mwenye kofia ya majani, na nyuma yake anashuka Peterson, kola mpya, kashika mkoba wa mgeni! Alikwenda stesheni leo kama nilivyomwambia, na treni ikaja leo. Njia nzima amemsomea mashairi ya Bi. Keziah kwa kichwa, bila kitabu. Profesa anamwita "rafiki yangu kijana."

Peterson amekuja moja kwa moja mpaka kitandani kwangu kunishukuru. Amesema watu wengine wangemficha tarehe. Chemutai, ambaye nilimweleza yote, alitoka nje ghafla, nikamsikia akicheka kule kwenye kuku.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimeleta faili barazani, juu ya trei. Memsahib alikuwepo, Peterson alikuwepo. Profesa amefungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tundu moja limepita katikati ya jina la Bi. Keziah. Mahali pengine muhuri umekaa juu ya ubeti mzima. Ameuliza kwa sauti ndogo sana kama wino huu unatoka. Nikamwambia kwa fahari kwamba hautoki kamwe, ni wino wa serikali. Akaomba maji.

Memsahib hakunipigia kelele. Alinitazama tu, kisha akatazama mlimani. Heri angenipiga kwa faili. Ndipo nilipoelewa. Karatasi zilikaa miaka tisini bila kuharibiwa na mtu, zimevuka bahari, zimeshinda mchwa na mvua, kisha nikaja mimi na mashine yangu. Nimeona haya mpaka masikio yakaniuma.

Nimemwambia Chemutai nitaandika barua ya kuomba radhi, nakala tatu. Amesema niache karatasi zipumzike. Niende mwenyewe, niseme kwa mdomo kwamba ni mimi, na kama kuna cha kusaidia nikibebe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni rejista, nikaibeba.

Nimemwambia Profesa kwamba kosa ni langu peke yangu, Memsahib hakujua, na kwamba nilitaka anipe barua ya chuo, ndiyo maana nilijitia kimbelembele. Sikumficha kitu, isipokuwa habari ya Alhamisi. Amesema asante kwa ukweli, bila kunitazama. Akachukua rejista, nadhani ili tu asinijibu zaidi.

Akaanza kusoma. Akasoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. Kidole kikasimama kwenye bahasha ya arobaini na saba. Nilikuwa nimeandika: shairi, karatasi mbili, zimebanwa pamoja kwa pini moja, kutu imeingia kwenye zote mbili, pembe ya kushoto. Akaruka juu na umri wake ule. Tukazitafuta faili zote. Karatasi ya kwanza ilikuwa kwenye faili ya pili, nyingine ya tatu, kwa kuwa ni fupi. Akaziweka moja juu ya nyingine. Kutu juu ya kutu.

Memsahib ametueleza. Nyanya yake ndiye aliyepeleka shairi hilo gazetini Bi. Keziah alipokufa, naye alinakili karatasi ya kwanza tu. Ya pili haikuwa na jina, kila mtu katika ukoo akadhani ni kitu kingine. Shairi linahusu mwanamke aliyesimama langoni kwake wakati wa theluji, hajui aingie au aondoke. Gazetini likakomea hapo. Miaka themanini wahakiki wanamsema Bi. Keziah kwa kumwacha mtu langoni. Wengine walisema alichoka. Mmoja, Profesa anasema, aliandika kitabu kizima kuhusu lango lile. Kumbe kwenye karatasi ya pili mwanamke anaingia ndani, anakung'uta viatu, anabandika birika.

Profesa amelia. Amesema mtu mwingine angechomoa zile pini na kuzitupa bila kuandika neno, na shairi lingebaki nusu milele. Peterson akalisoma lote kwa sauti, karatasi zote mbili. Nilisahau kabisa kuwa ni mpinzani wangu. Namshukuru Mungu kwa sauti ya Peterson, nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatatu, 17 Machi

Profesa ameondoka asubuhi. Ameniandikia mimi! Barua ya mwaka huu ni yangu. Peterson amenipa mkono mbele ya watu wote akasema nimestahili. Nimeangalia kola yake, nikikumbuka ile Alhamisi. Memsahib amenishika bega. Chemutai amechinja jogoo. Sijawahi kuona siku kama hii, na nikifa kesho nitakuwa nimelipwa.

Profesa ameniachia barua bila kuifunga, ili niisome kisha niitie posta mwenyewe. Ameniambia nisiongeze kitu. Amefundisha katika chuo kile miaka kumi na mbili, mwandiko wake wanaujua hata wafagizi, watanipokea kwa mistari hiyo tu.

Nimeisoma mara saba kwa shukrani. Kisha nikaisoma kama karani. Jamani. Mistari sita, kwa kalamu, imelala upande. Namba ya kumbukumbu hakuna. Kichwa hakuna. Hakuna heshima ya kuarifu chochote. Na katikati anasema kwamba mtu huyu ameharibu karatasi zenye thamani kuliko nyumba, akakiri kwa mdomo wake, na kwamba zile zilizobaki angemkabidhi yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni maneno mazuri, lakini kwa nini kutaja uharibifu kwenye barua ya kazi? Msomi mkubwa hivi, halafu chuo kimdharau kwa sababu ya uzembe mdogo. Bi. Keziah aliponzwa na mambo haya haya.

Nisingemwacha aaibike, baada ya wema wote aliotutendea. Nimempigia taipu upya, kurasa mbili, nafasi mojamoja kati ya mistari. Uharibifu nimeutoa. Nimeongeza kasi yangu ya taipu na kozi ya makarani. Sahihi yake nilijaribu mara nne pembeni, ya tano ikatoka safi kuliko yake. Ile ya kalamu nimeitia moto jikoni, ili chuo kisipate barua mbili kikachanganyikiwa.

Saa kumi nimeitia posta. Namshukuru Mungu kwa Profesa Whitlow, na najua huko aliko angenishukuru pia.